Kanieneo Ndani ya Usukani

Fundi aliuzungusha usukani wa boti kuukuu ya faiba, iliyopandishwa mchangani, mpaka mwisho wa upande wa kulia. Haukugota. Ulibonyea kama mpira uliojaa nusu, kisha ukarudi kidogo mkononi mwake. "Huu una upepo," akasema, akainama kutafuta spana.

Usukani wa aina hiyo huitwa wa haidroliki. Neno lina asili ya Kiyunani, maji na mrija, na gerejini linaeleweka: jeki ya haidroliki, breki za haidroliki. Lakini halimwambii mtu ni nini kinachofanya kazi humo. Ukilifasiri kwa kufuata asili yake utapata "usukani wa maji", na tafsiri hiyo itamtia mtu hasara, kwa kuwa ndani mna mafuta. Maji yakipenya, mafuta hugeuka rangi ya maziwa na vyuma vikaanza kuliwa na kutu.

Fizikia ya shuleni ina neno ninalolipenda zaidi: kanieneo. Limeunganisha kani na eneo, na hesabu yenyewe ndiyo hiyo, kani kugawanya kwa eneo. Blaise Pascal, Mfaransa ambaye maandishi yake juu ya vimiminika yalichapishwa mwaka 1663, baada ya kufa kwake, alieleza kwamba kanieneo inayotiwa kwenye kimiminika kilichofungiwa huenea kote bila kupungua. Chukua pampu iliyo nyuma ya gurudumu la usukani, pistoni yake iwe na eneo la sentimita 1 ya mraba, na silinda inayosukuma usukani kule majini iwe na 20. Nguvu ya mkono huzidishwa mara 20. Malipo yake ni mwendo: silinda husogea sehemu moja tu ya ishirini ya mwendo wa pistoni ndogo, ndiyo maana nahodha anazungusha gurudumu mara kadhaa, ilhali mshika kana wa jahazi huvuta mara moja tu.

Yote hayo yanategemea jambo moja: mafuta hayashindiliki. Hewa hushindilika. Kwa hiyo "upepo" aliousema yule fundi ni istilahi kamili, na sioni haja ya kuitafutia nyingine.

Alijaza mafuta kupitia pampu, kwa kuwa ndiyo iliyo juu kuliko sehemu zote, akalegeza nati ndogo kwenye silinda huku kijana wake akizungusha gurudumu. Mrija ulizamishwa kwenye chupa yenye mafuta. Likatoka povu, kisha viputo vikubwa, kisha kimoja kimoja, mwisho mafuta matupu. Hakutumia mafuta ya breki, ambayo huharibu sili za mfumo huu, yaani mipira inayozuia mafuta kuvuja. Kisha akaipitisha kucha kwenye fimbo ya silinda, na kucha ikakwama. Chumvi ilikwishaila na kuitia vishimo. Vishimo hivyo husaga sili kila usukani unapogeuzwa, na penye mwanya wa mafuta kutoka, hewa nayo hupata njia ya kuingia. Kubadilisha sili peke yake, fimbo ikibaki vilevile, ni kutupa pesa.

Dukani aliagiza fimbo ya haidroliki, na muuzaji akamwelewa. Lakini katika vitabu vya ufundi ningeandika usukani wa kanieneo ya mafuta, ili mwanafunzi, kabla hajashika spana, ajue anachotafuta.