Pishi ya Mtume (s.a.w.) Baina ya Galoni na Lita

 

Kila Ramadhani inapokaribia kwisha, waumini huwauliza maimamu wao: Zakatul-fitri ni kilo ngapi? Jibu la asili si kilo. Mtume (s.a.w.) alifaradhisha pishi moja (swaa) ya tende au ya shayiri, kama alivyopokea Ibn Umar katika Bukhari na Muslim. Pishi ni vibaba vinne, na kibaba (mudd) ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani. Hiki ni kipimo cha ujazo, si cha uzito.

Maulamaa walikhitilafiana mapema juu ya kiasi chake. Imamu Abu Hanifa (aliyefariki 150 H) aliikadiria pishi kuwa ratili 8 za Baghdad. Mwanafunzi wake, Kadhi Abu Yusuf, alipofika Madina, watoto wa Muhajirina na Ansari walimletea pishi walizorithi kwa wazee wao. Akazipima, akazikuta ni ratili 5 na thuluthi. Akaiacha kauli ya mwalimu wake, akaishika ya watu wa Madina, ambayo ndiyo ya Imamu Malik na Imamu Shafi.

Baadaye vikaja vipimo vya wageni. Mwaka 1824 Waingereza waliweka galoni yao kuwa ujazo wa ratili zao 10 za maji, sawa na lita 4.546. Galoni ya Marekani ni ndogo zaidi, lita 3.785. Katika pwani yetu, pishi ya dukani ilikadiriwa kuwa karibu nusu galoni ya Kiingereza, yaani lita 2.27. Lakini Sheikh Yusuf al-Qaradawi, katika Fiqh al-Zakat, aliikadiria pishi ya kisheria kuwa lita 2.75, na kwa ngano kilo 2.176. Kwa hesabu hii, mwenye kutoa pishi ya dukani amepunguza karibu nusu lita katika haki ya maskini. Jina ni moja, vyombo ni viwili.

Tena lita si kilo. Lita moja ya maji ni kilo moja, lakini lita moja ya mchele haifiki kilo, na kila nafaka ina uzito wake. Ndiyo maana fatwa za kilo hutofautiana, na hazipasi kutugombanisha.

Imamu Nawawi (aliyefariki 676 H) alibainisha kwamba uzito ni makadirio tu, na tegemeo ni ujazo, asiyeipata pishi ya Mtume (s.a.w.) na atoe kiasi ambacho ana yakini hakikupungua.

Basi tunawanasihi maimamu: wekeni msikitini chombo cha lita 3, kijazwe chakula cha mji. Kinachozidi ni sadaka, na kinachopungua ni deni.

Wallahu aalam.