Ulezi wa Ufipa: Manufaa na Mipaka ya Ganda Lake

Kabla mahindi hayajatawala mashamba ya Ufipa, mkoani Rukwa, ulezi ndio uliokuwa nafaka kuu ya Wafipa kwa ugali, uji na pombe. Hadi leo huuzwa katika masoko ya Sumbawanga, na gramu 100 za punje zake zina takribani miligramu 340 za kalsiamu, kiasi kinachozidi kwa mbali kile cha mahindi.

Rangi ya kahawia ya punje hutokana na fenoli, zikiwamo tanini, zilizojikusanya zaidi katika ganda. Mmea huzitumia kujikinga dhidi ya kuvu. Katika majaribio ya maabara, viambata hivyo hufanya kazi ya antioksidanti, yaani huzuia molekuli zisizo thabiti kuharibu seli. Ulezi mweupe unazo kidogo, na kukoboa huondoa sehemu kubwa. Matokeo ya maabara, hata hivyo, hayatoshi kuuita ulezi dawa.

Ganda hilo lina upande wa pili. Tanini, pamoja na faiteti iliyomo katika punje, hushikamana na madini chuma na zinki, mwili ukayakosa. Jambo hili si dogo Rukwa, ambako Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, na si haki kuubebesha ulezi lawama. Lakini namna ya kuuandaa ina uzito wake.

Njia inayofaa ni kimea, ambacho watengeneza pombe wamekijua siku zote. Punje hulowekwa, huoteshwa kwa siku mbili au tatu, hukaushwa na kusagwa. Vimeng'enya vya kuota hupunguza faiteti na kuvunja wanga, hivyo kijiko kidogo cha kimea hulainisha uji mzito bila kuongeza maji. Tumbo dogo la mtoto hupata nguvu zaidi katika kikombe kilekile. Katika miaka ya 1980, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilihimiza matumizi hayo. Sehemu ya fenoli hupotea. Kwa mtoto, hasara hiyo inavumilika. Uji huo uchemshwe tena baada ya kutiwa kimea. Chungwa au pera husaidia mwili kufyonza madini chuma, ilhali chai, yenye tanini zake, haifai kuandamana na mlo.

Kimea kianikwe juani mapema hadi kikauke kabisa, na punje zilizoota ukungu zitupwe.