Bedford Iliyogeuka Kengele

Mjini Nairobi, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, hufanyika maonyesho ya magari ya kale. Magari husuguliwa hadi mwenyewe akajiona uso kwenye boneti, na waamuzi huinama wakachungulia mpaka chini ya chasisi. Peugeot 404, aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland wa Tanzania, na tena 1968, husimama pale kama bibi harusi.

Sina neno nao. Lakini mtu akiniuliza maonyesho ya Shinyanga yako wapi, nitamwambia achukue baiskeli aende vijijini.

Atazame kengele ya shule kongwe. Ni rimu ya lori imetundikwa mtini. Mimi mwenyewe, nilipokuwa kiranja wa zamu, niliigonga rimu kama hiyo kila alfajiri kwa kipande cha chuma. Atazame mkokoteni wa ng'ombe: ekseli ni ya Land Rover. Panga la mhunzi ni springi, na katambuga miguuni mwa mchungaji ni tairi.

Vyuma hivi vililetwa na pamba na madini. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga, yalihitajika malori ya kutoa mazao vijijini. Mwaka 1940 Williamson akagundua almasi Mwadui, na magari yakaongezeka. Baadaye zikaja Bedford zenye pua, zilizotengenezwa Uingereza. Baba yangu mdogo alikuwa utingo wa mojawapo. Vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978, Serikali ilichukua malori na mabasi ya watu kubeba askari, na lile lake likaenda. Lilirudi halina vioo, breki zimekwisha.

Na hapo ndipo msiba ulipoanza, maana fedha za kigeni hazikuwapo na spea hazikupatikana. Lori moja lilichinjwa ili jingine litembee, na mwaka uliofuata lile lililopona likachinjwa nalo. Bwana wa Nairobi alihifadhi gari lake kwa kuliacha bandani. Sisi tungeliacha bandani, pamba ingebebwa na nani?

Kwa hiyo nilishtuka, nilipokuwa safarini kwenda Geita, kuona nyuma ya gereji moja karibu na Katoro Bedford ya pua, kichwa kizima, hata mlango wa utingo upo. Nilizunguka mara tatu kama mtoto. Mzee mwenye lori alinieleza kuwa enzi zake lilipeleka mbao kwenye mgodi wa zamani wa Geita, ule uliofungwa mwaka 1966, kabla ya huu wa sasa uliofunguliwa mwaka 2000. Ubavuni lilikuwa na alama ya chaki.

"Ni ya mnunuzi wa vyuma chakavu," alisema. "Anakuja Jumatatu na mizani yake."

Nilimsihi angalau anibakizie kibao cha jina cha mbele. Akacheka.

"Umechelewa, mwanangu. Nilishampa mjukuu. Na rimu moja nimeificha, mnunuzi asiione. Shule mpya pale ng'ambo haina kengele."

Nilimsaidia kuivingirisha hadi barabarani.