Naibu Anapojifanya Mfalme: Mazingatio Kutoka Milima ya Upare

Ndugu msomaji, ukisafiri kutoka Tanga kwenda Moshi, utapita Korogwe na Mombo, halafu Mazinde, Buiko, Hedaru na Makanya, mpaka uingie Same. Mkono wako wa kulia utaiona milima ikikufuata njia nzima, kwanza ya Usambara, kisha ya Upare. Wengi wetu huipita milima hii tumesinzia, tukidhani kuwa historia yote iko Kilwa, Unguja na Lamu. Lakini chini ya milima hiyo na juu yake imepita khabari moja yenye mazingatio makubwa kwa kila mtu aliyepewa dhamana na kila mtu anayetoa dhamana. Nayo ni khabari ya manaibu: watu waliotumwa na wafalme kwenda kutawala sehemu za mbali kwa niaba yao, kisha wakajiona kuwa wao ndio wafalme.

Hapana dola yoyote iliyoweza kutawaliwa na mtu mmoja aliyekaa mahali pamoja. Mfalme hana budi kuigawa nchi yake mafungu, na kila fungu kulitilia mtu wa kuliangalia, kukusanya haki ya serikali na kuamua baina ya watu. Mtu huyo tumwite liwali, mangi, akida au mkuu wa mkoa, jambo ni lile lile. Alichonacho si chake, ni amana aliyowekewa. Basi tutazame amana hiyo ilivyochungwa na ilivyovunjwa.

UGWENO NA MANGI MRWE

Huenda, ndugu msomaji, unaye jirani au mwenzako kazini aitwaye Mshana au Msuya. Majina hayo mawili yamebeba historia nzima. Washana walikuwa ni wahunzi, mabingwa wa kufua chuma, nao ndio waliokuwa na nguvu katika Ugweno, yaani Upare wa kaskazini. Karne nyingi zilizopita ukoo wa Wasuya, ukiongozwa na Angovi, ukawaondoa Washana katika utawala. Mwanawe Angovi aliyeitwa Mranga ndiye anayesifiwa na wazee wa huko kuwa aliitengeneza nchi.

Mranga hakutosheka na kukalia kiti alichoachiwa na baba yake. Aliupanga utawala daraja kwa daraja. Juu kabisa alikaa Mangi Mrwe, yaani mtawala mkuu. Chini yake walikuwako wamangi wa sehemu, kila mmoja na upande wake, na pamoja nao walikuwako wachili na wanjama, watu wa shauri na wa kutekeleza amri. Tena palikuwa na mabaraza, na mangi hakukata neno kubwa peke yake. Mambo ya jando, ambayo zamani yalikuwa mikononi mwa Washana, yaliwekwa chini ya utawala huo mpya, hata kijana wa bonde hili na kijana wa bonde lile wakajua kuwa wote ni watu wa nchi moja.

Mpango huo ulidumu vizazi vingi, na sababu yake haifichiki. Mangi wa sehemu hakuwa na njia ya kupata utajiri isipokuwa ile iliyopita kwa mkubwa wake. Mifugo, nafaka na kazi za watu zilijulikana, na kila mtu aliona nini kimetoka kwake na kimekwenda wapi.

Katika karne ya 19 mambo yakageuka. Misafara ya biashara ilianza kupita kwa wingi tambarare, ikitafuta pembe za ndovu na watumwa, na mikononi mwake ilikuwa na nguo, shanga na bunduki. Mangi wa sehemu aliyekaa karibu na njia akaona kuwa hana haja tena ya kumtegemea mkubwa wake. Aliweza kununua bunduki mwenyewe, kukusanya vijana mwenyewe, na kumwuza jirani yake mwenyewe. Katika miaka ya 1880 Mangi Mrwe aliyeitwa Ghendewa alijaribu kuirudisha Ugweno kuwa moja, asiweze. Vita vilimshinda, na baada yake hakutokea tena mtu wa kuiunganisha nchi ile kwa nguvu zake.

VUGHA NA MAZINDE

Tuteremke sasa kusini, kwa majirani. Juu ya milima ya Usambara, katika mji wa Vugha, alitawala Kimweri ye Nyumbai wa ukoo wa Wakilindi, mfalme ambaye khabari zake zilijulikana mpaka pwani. Krapf, mmisionari wa Kijerumani, alifika kwake mwaka 1848 na mara ya pili mwaka 1852. Kimweri aliigawa nchi yake, na kila fungu alilitia mikononi mwa mmoja wa wanawe. Kodi ilikwenda Vugha, na hukumu ya kumwua mtu ilikuwa ya mfalme peke yake.

Desturi ya Wakilindi ilikuwa mfalme mpya anapokalia kiti, huwaweka wanawe mwenyewe katika sehemu za nchi, kidogo kidogo, mahali pa wale waliowekwa na aliyemtangulia. Hivyo naibu alikuwa mtoto na mfalme alikuwa baba, na si rahisi mtoto kumwinukia babaye. Lakini Kimweri aliishi sana. Hata mwanawe aliyetazamiwa kumrithi alitangulia kufa kabla yake. Kimweri alipofariki mwaka 1862, kiti kilimwendea mjukuu wake, kijana aliyeitwa Shekulwavu, naye akajikuta mbele ya baba zake wadogo, watu wazima waliokwisha kaa katika sehemu zao miaka mingi na kuota mizizi.

Mmoja wao alikuwa Semboja, naye alitawala Mazinde. Itazame Mazinde utakapopita, ndugu msomaji: haiko mlimani, iko chini, palepale njiani. Vugha ilikuwa na heshima, lakini Mazinde ilikuwa na misafara. Pembe zilipita hapo, bunduki na baruti zilipita hapo, na aliyekaa hapo alichukua sehemu yake kwanza. Semboja akapata silaha nyingi na watu wengi wa kumtii yeye, si Vugha. Mwisho wa miaka ya 1860 alimfukuza Shekulwavu katika mji wa babu yake. Alipokwisha kushinda hakukaa Vugha mwenyewe. Alimweka huko mwanawe, Kimweri Maguvu, naye akarudi Mazinde, kwani alijua nguvu iko wapi. Wakati huo huo Wabondei waliasi na kuwafukuza Wakilindi katika nchi yao, na dola ya Kimweri ikawa vipande. Khabari nyingi za zama hizo zimo katika kitabu cha Habari za Wakilindi, alichokiandika kwa Kiswahili Abdallah bin Hemedi, mtu aliyeishi na watu hao.

Na Upare? Semboja aliunyosha mkono wake mpaka Upare wa kusini, ambako Gonja na Kisiwani zilikuwa vituo vya misafara chini ya mlima. Watu wa Upare wa kusini walikuwa na watawala wengi wadogo wadogo, kila mlima na wake, na hawakuwa na mkubwa mmoja wa kuwakinga. Watu wakatekwa, wakauzwa.

Hapa, ndugu msomaji, haifai kuwalaumu watu wa bara peke yao. Misafara ile ilitoka Pangani na Tanga, yaani ilitoka kwetu. Bunduki iliyomfanya naibu kuwa mfalme ilipita mikononi mwa watu wa pwani, na binadamu aliyetekwa mlimani aliteremshwa kwenye bandari zetu. Ni kweli chungu, na haifai kuirukia.

KHABARI YA UCHINA

Usidhani kuwa maradhi haya yalikuwa ya milima yetu tu. Dola ya Han ya Uchina, mojawapo ya dola kubwa kabisa duniani katika zama zake, ilikufa kwa maradhi hayo hayo.

Mwaka 106 kabla ya Miladi, mfalme wao Wu aliigawa nchi katika majimbo 13 ya ukaguzi, na kila jimbo akalitilia mkaguzi. Mkaguzi huyo alikuwa mtu wa cheo cha chini. Mshahara wake ulikadiriwa kwa vipimo 600 vya nafaka, na wale aliokwenda kuwakagua, watawala wa wilaya, walikadiriwa vipimo 2,000. Hakuwa na jeshi wala hazina. Kazi yake ilikuwa kuzunguka, kutazama na kupeleka khabari. Tafakari hekima yake: mtu mdogo, asiye na cha kupoteza, awachunguze wakubwa.

Mwaka 184 Miladi yakazuka maasi makubwa ya watu waliojifunga vilemba vya manjano. Serikali ikatishika. Mwaka 188, kwa shauri la mkubwa mmoja aitwaye Liu Yan, ikakubali kuwaweka katika baadhi ya majimbo watawala wenye mamlaka kamili, askari na mapato pamoja. Liu Yan mwenyewe akapewa jimbo la Yi, mbali magharibi. Njia ya kutoka huko kwenda mji mkuu ikakatika, naye akaleta udhuru kuwa waasi wameiziba, kumbe walioiziba ni watu aliowatuma mwenyewe. Mwaka 196 mtu mwingine mwenye jeshi, Cao Cao, akamchukua mfalme akamweka katika mji wake, akawa anatoa amri kwa jina la mfalme. Mwaka 220 mwanawe Cao Cao akamwondoa mfalme kabisa. Nchi ikagawanyika mafungu matatu, baada ya vita vilivyoua watu wasio na idadi.

Hebu linganisha. Cao Cao na mfalme wake, Semboja na mwanawe aliyekaa Vugha: mmoja ana kiti, mwingine ana nguvu. Watu hao hawakujuana wala hawakusikiana, na baina yao kuna miaka zaidi ya 1,600, lakini njia waliyoipita ni moja.

WAGENI WALIPOKUJA

Wazee husema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Wajerumani walipoingia hawakuikuta Ugweno moja wala Vugha moja. Walikuta watawala wengi, kila mmoja na adui zake. Wakaweka maakida na majumbe, na wengi wa maakida walikuwa watu wa pwani wajuao kusoma na kuandika. Akida hakuwa mtu wa mlima ule, na hofu yake yote ilikuwa kwa Mzungu aliyemtuma.

Waingereza walikuja na mpango mwingine. Baada ya sheria ya mwaka 1926 ya watawala wa wenyeji, machifu wa Upare walitambuliwa wakawa na baraza lao, na Same ikawa makao ya Bwana Shauri. Kwa sura, chifu alirudishiwa kiti. Kwa hakika alikuwa naibu wa serikali ya kigeni, huku jina lake likiwa la kienyeji.

Jambo hilo lilidhihirika katika miaka ya 1940, ilipoletwa kodi mpya iliyoitwa mbiru. Jina lilichukuliwa katika kodi ya kale ambayo watu walikuwa wakiwapa watawala wao, lakini mambo yake hayakuwa ya kale. Juu ya kodi iliyokuwa sawa kwa wote, kila mtu alikadiriwa mali yake, mifugo yake na mazao yake, akatozwa kwa makadirio hayo. Watu wakauliza: nani anayekadiria, na kwa kipimo gani? Aliye rafiki wa mkadiriaji atakadiriwa vipi, na asiye rafiki yake vipi?

Mwezi wa Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka milimani kwa miguu mpaka Same. Hawakuja na mikuki. Walikaa pale, siku baada ya siku, wakikataa mbiru na wakitaka kusikilizwa. Mwaka 1946 huko Usangi wanawake nao walitoka kuwakabili wakubwa, kwani waume zao wako Same na mzigo wa nyumba umewaelemea wao. Mwishowe serikali ikaiacha mbiru, ikarudi kwenye kodi ya kiasi kimoja kinachojulikana. Na machifu wenyewe, cheo chao kilifutwa kwa sheria katika mwaka 1963, baada ya uhuru wa Tanganyika.

YATUPASAYO KUZINGATIA

Ndugu msomaji, ukizikusanya khabari hizi utaona kuwa naibu huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuachiwa hazina na silaha pamoja, pasipo jicho la kumtazama. Ndivyo ilivyokuwa Mazinde na jimbo la Yi. Ya pili ni kukatwa na watu anaowatawala, akawa hana wa kumwogopa ila aliyemweka. Hiyo ndiyo mbiru. Njia ya kwanza humvunja mfalme, na ya pili humvunja raia.

Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie, alizijua hatari zote mbili. Wanahistoria wanasimulia kuwa alikuwa akimteua liwali huiandika mali yake kabla hajaondoka, na akiona imezidi pasipo sababu humwuliza na kuichukua ziada. Alikuwa na mkaguzi, Muhammad bin Maslama, wa kufuatilia mashtaka ya watu. Na katika msimu wa Hija aliwakutanisha maliwali na raia zao, ili mnyonge aseme mbele ya mkubwa wake.

Wapo watakaosema kuwa haya ni ya wafalme, sisi yatuhusu nini. Yatuhusu sana. Mwenye duka aliyemwachia ndugu yake ufunguo na daftari asitazame mwaka mzima, anamtafutia ndugu yake fitina kabla ya kujitafutia hasara. Walii wa mayatima, mtunza hazina wa chama, msimamizi wa wakfu wa msikiti, wote ni manaibu. Mali bila daftari hupotea bila khabari, na udugu hupotea pamoja nayo. Semboja alikuwa baba mdogo wa yule aliyemfukuza.

Kumhesabu mtu si kumtuhumu. Ni kumsaidia kuubeba mzigo ambao mwanadamu, akiachwa peke yake nao, mara nyingi humshinda. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuzirudisha amana kwa wenyewe, na wenye ujasiri wa kuziulizia kwa adabu, kama walivyouliza watu wale walioketi chini Same. Amin.