Mtu wa Pangani kwenye Kambi ya Juu

Kwetu ni Pangani, na kila nisomapo habari za Wazungu wa kwanza kufika kilele cha Kilimanjaro, namtafuta Mwini Amani, mtu wa kwetu aliyekuwa nao.

Namsoma sana siku hizi kwa sababu tunajiandaa kwenda, majirani wachache wa hapa Kingsbury, kaskazini-magharibi mwa London. Tutapanda kwa njia ya Machame, tukilala kwenye mahema. Mazoezi tunayafanyia Barn Hill, kilima kilichopandwa miti na Humphry Repton mwaka 1793. Kina mita 86 tu. Miguu inapata nguvu, lakini hewa nyembamba ya mita 5,895 hakiwezi kutufundisha.

Mjerumani Hans Meyer alijaribu kuupanda mlima huo mwaka 1887, barafu ikamrudisha. Mwaka 1888 hata mlimani hakufika: pwani yetu ilikuwa imesimama na Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani, Meyer na mwenzake Oscar Baumann wakakamatwa, wakaachiwa kwa fidia. Mwaka 1889 alirudi na Ludwig Purtscheller, mpanda milima wa Austria, na safari hii alikuwa amepiga hesabu ya chakula.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoshinda mlima. Kambi kubwa ilikaa Marangu, kwa Mangi Marealle. Nyingine ikawekwa juu ya msitu, na ya tatu kwenye nyika ya baridi, zaidi ya mita 4,000. Wapagazi walipandisha vyakula kwa zamu. Kule juu walibaki watu watatu: Wazungu wawili na Mwini Amani, mtu wa pwani, aliyekulia kwenye joto la minazi. Wenzake walipokwenda kwenye barafu, yeye alibaki peke yake kulinda hema na moto. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta wakiwa hoi, kilele wakakiona, wakageuka. Kama kambini pasingekuwa na chakula, safari ingeishia hapo. Walipumzika, na tarehe 6 wakasimama juu kabisa.

Meyer alikipa kilele jina la Kaisari wake. Desemba 1961 Alexander Nyirenda alipandisha Mwenge na bendera ya Tanganyika, na pakaitwa Uhuru. Marangu wanamkumbuka Yohani Lauwo kuwa ndiye aliyeongoza njia, na wana haki. Mimi nataka na wa Pangani atajwe.

Mpagazi wa misafara ya zamani alibeba hata frasila mbili, zaidi ya kilo 30. Leo mzigo wa mpagazi wa Kilimanjaro una kikomo cha kilo 20, na hupimwa getini. Jirani yangu mmoja, Mgujarati mzaliwa wa Nakuru, alilinyanyua begi langu sebuleni akalirudisha chini. "Dada, toa vitu. Hili atalibeba mtoto wa mwenzio."

Nimetoa viatu vya pili na nusu ya nguo. Kisha tumeiandikia kampuni itakayotupeleka, kabla ya kulipa hata senti: wapagazi wetu watakuwa wangapi, watalala kwenye hema la namna gani, watakula mara ngapi kwa siku, na watalipwa shilingi ngapi mkononi. Bila majibu ya hayo, hatulipi.