Kafara, Fidia na Upatanisho: Maneno Matatu ya Msalaba

Siku moja ya Ijumaa Kuu, huko Mabatini mjini Mwanza, nilimsikia mhubiri akisema kwamba Yesu alitolewa kafara. Bibi mmoja aliyeketi karibu nami akaguna. Baadaye akaniambia, "Mwanangu, kafara hutolewa na mtu atakaye mali." Mguno ule ndio uliozaa makala haya.

Kafara ni neno la Kiarabu, na mzizi wake ni ndugu wa ule wa Kiebrania ulio katika Yom Kippur, siku ya kuondolewa dhambi. Kwa nasaba, basi, neno hili lipo karibu sana na Mambo ya Walawi. Lakini nasaba haimzuii msikilizaji kusikia asikiacho.

Fidia nalo latoka Kiarabuni, nalo lataka bei. Kando ya Ziwa bei hiyo haikuwa mfano tu. Mapadre Weupe, waliofungua misheni ya Bukumbi, kusini ya Mwanza, mwaka 1883, walikomboa watoto watumwa kwa bidhaa. Aliyekombolewa hivyo alikuwa na bei, na bei ilikuwa na mpokeaji. Je, bei ya msalaba aliipokea nani? Origen alisema ni Shetani. Anselm wa Canterbury, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098, alikataa katakata: Shetani hadai kitu, na deni ni la heshima ya Mungu.

Tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952, iliyounganisha Kiswahili cha Unguja na cha Mombasa, iliweka fidia katika Marko 10:45, bali katika Warumi 3:25 iliweka upatanisho. Hili ni neno la Kibantu tupu: pata, patana, patanisha. Halina bei wala mpokeaji. Lina pande mbili na mwenye kuzileta pamoja. Kwa maoni yangu watafsiri walipata amani wakapoteza maumivu, maana mpatanishi wa ugomvi wa mpaka wa shamba hurudi kwake mzima. Ajabu ni kwamba pata hilohilo ndilo lizaalo patwa, na hapo ndipo penye shauri la kale: mababa wa Kanisa walifundisha kwamba Uungu haupatwi na mateso, ila Kristo aliteswa katika mwili, Jürgen Moltmann, mwaka 1972, alishikilia kwamba msalabani Mungu mwenyewe aliteseka.

Nilimwuliza yule bibi yeye angesemaje. Akajibu, "Alijitoa." Kitenzi cha mhubiri kilikuwa cha kutendwa, na mtendaji hakutajwa, katika cha bibi, kwa silabi moja ya -ji-, mtoaji na mtolewa ni mmoja.