Kabeza

Kabeza ni mtaa wa makazi na biashara upande wa mashariki wa Jiji la Kigali, Rwanda. Kiutawala ni seli (kwa Kinyarwanda *akagari*) katika tarafa ya Kanombe, wilaya ya Kicukiro.

Jiografia
Eneo hili liko karibu na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kigali, ulio kwenye kimo cha takriban mita 1,490 juu ya usawa wa bahari. Ardhi yake ni ya vilima, kama ilivyo sehemu kubwa ya jiji. Vibao vya barabara huanza na herufi KK, alama ya wilaya ya Kicukiro. Vibao vya wilaya ya Gasabo huanza na KG, na vya wilaya ya Nyarugenge na KN.

Utawala
Mageuzi ya 2006 yaliigawa Rwanda katika mikoa minne na Jiji la Kigali, wilaya 30 na tarafa 416. Kicukiro ina tarafa 10. Kanombe imegawanyika katika seli nne: Busanza, Kabeza, Karama na Rubirizi. Chini ya seli kuna *umudugudu*, ngazi ya mwisho, ambako wakazi hukutana kwa kazi ya pamoja ya *umuganda* kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tangu sheria ya 2019, wilaya za Kigali hazina tena hadhi ya kisheria ya kujitegemea. Zinatekeleza mipango ya Jiji.